Shangazi, deni limeipita nyumba. Niwaachie benki funguo?

Shikamoo shangazi. Mie nakusoma siku nyingi tu kimyakimya, sikuwahi kufikiria ipo siku na mie nitaandika, lakini hapa nilipofika nimekwama, na mke wangu hatusemi vizuri wiki ya tatu sasa, kwa hiyo uniwie radhi barua ni ndefu.

Tuko Arizona, nje kidogo ya Phoenix. Tumeingia Marekani 2001, wote wawili watu wa Tanga. Mie naendesha lori, mke wangu ni muuguzi msaidizi kwenye nesing homu, shifti ya usiku. Mwezi wa kumi na moja 2005 tukanunua nyumba. We acha tu shangazi, wakati ule kila mtu ananunua, ukikaa kwenye harusi stori ni nyumba, msibani stori ni nyumba, ukisema umepanga unaonekana kama hujui ulikuja huku kufanya nini. Bei ilikuwa dola 248,000, tukatanguliza 13,000 ambazo ndo akiba yetu yote ya miaka minne, benki ikatoa 235,000 za kulipa kwa miaka 30.

Mwaka uliofata tukaambiwa nyumba imefika karibu laki tatu. Sikuongeza hata msumari! Benki nyingine ikatupigia simu yenyewe, kwamba mnaweza kukopa juu ya hiyo thamani iliyopanda. Tukachukua dola 30,000 tukamjengea mama yangu nyumba Tanga, vyumba vitatu, umeme, kisima uani. Mama anaishi humo mpaka leo na kila nikipiga simu ananiombea dua.

Sasa leo 2011 nyumba ya jirani yetu, ramani ileile ya kwetu, benki imeinadi ikauzwa 105,000. Sisi mkopo wa kwanza bado tunadaiwa 217,000 na ule wa pili 26,000. Mkopo wa kwanza peke yake, ukichanganya na kodi ya nyumba na bima, unakula dola 1,750 kwa mwezi. Nyumba ya mkabala, nikisimama jikoni naiona, inapangishwa 950. Hiyo hesabu ndo naipiga usiku kucha nikiwa nimeegesha lori, naipiga hivi, naigeuza, naipiga tena, inatoka vilevile.

Nikwambie ukweli shangazi, tunaweza kulipa. Tunabana, ovataimu nyingi, lakini hatujawahi kuchelewa hata siku moja. Ndo maana nakuuliza, manake wale walioachishwa kazi hawana swali, wao imewashinda basi. Mie haijanishinda, ila naona namwaga maji kwenye mchanga.

Kuna jamaa kazini ananicheka, ananiambia mzee unalea maiti. Yeye aliacha kulipa, akakaa humohumo bure miezi kumi, ndo wakamtoa, na akaondoka na jiko na mashine ya kupoza hewa akaviuza. Anasema sheria ya Arizona benki haiwezi kukufata. Na amenipa mpango: kabla sijaacha kulipa, krediti yangu, yaani rekodi yangu ya kulipa madeni, ikiwa bado safi, ninunue ile ya mkabala kwa bei hii ya chini, niwaambie benki mpya kuwa hii ya zamani naenda kuipangisha, nikishahamia tu, naacha kulipa ya zamani. Anasema wengi wamefanya.

Mke wangu hataki hata kusikia. Yeye ni mtoto wa mwalimu wa madrasa, anasema dawa ya deni kulipa, hakuna dawa nyingine. Aliniambia, siku ukifa, pale makaburini kaka yako atasimama aseme anayemdai marehemu aje kwa familia, wewe unataka benki nzima ije? Nikamjibu huo mkopo wenyewe una riba, leo ndo unanitajia dini? Hapo ndo nilipoharibu.

Naomba unijibu kama ungemjibu mwanao. Ni dhambi? Ni wizi? Au ni biashara tu? Na watanifunga au kuninyima uraia, manake mwakani nataka kuomba?

Mbeba Funguo, Arizona

Nimesahau kitu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, yuko Columbus, Ohio, alisaini na sisi ule mkopo wa kwanza sababu krediti yetu ilikuwa bado changa. Ila yeye hajawahi kulipa hata senti, ni jina tu. Sijamwambia.

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilipofika kwenye hayo maneno ya chini ya saini nikavua miwani. Umesahau kitu! Hicho ulichokisahau ndo barua yenyewe, hizo hesabu zote za juu ni mapambo. Nitakirudia, kwanza nikujibu ulichouliza.

Watakufunga? Hapana. Marekani mtu hafungwi kwa kushindwa au kuacha kulipa mkopo wa nyumba, hilo ni jambo la mkataba, si jinai. Lakini huo mpango wa jamaa yako, wa kununua ile ya mkabala huku unaiambia benki uongo kwamba hii utaipangisha na moyoni unajua utaitupa, huo sasa ni jinai. Kusema uongo kwenye fomu ya mkopo ni kosa la serikali kuu huku, na wewe mwakani unataka kwenda kuapa mbele ya ofisa wa uhamiaji kwamba una tabia njema. Wengi wamefanya, sawa, na wengi wameng'atwa na nyoka. Hapo sina nasaha ndefu, huo ni uongo na wizi, na ukiufanya usiniandikie tena.

Sasa hilo la pili, kuacha tu kulipa na kuwapa benki nyumba yao, bila uongo. Hapa ndo patamu, na hapa mie sikubaliani moja kwa moja na mkeo, japo nampenda kwa alivyosema.

Dawa ya deni kulipa, ni kweli, tumelelewa nayo wote. Lakini angalia mkopo wa nyumba umekaaje. Ukikopa kwa Mangi dukani sukari na unga, hakuna kilichoandikwa, kuna uso wako na uso wake, usipolipa umemla. Benki haikukukopesha uso. Ilikuandikia makaratasi yale ya kusaini mpaka mkono ukauma, na ndani yake imeandikwa usipolipa itatokea nini: nyumba itanadiwa. Walikuwa wanajua hilo linaweza kutokea, wakalipia wataalamu wa kukadiria, wakaweka riba ya kufidia hatari hiyo, na kwa vile ulitanguliza kidogo nina hakika kwenye hiyo 1,750 yako kuna na bima ya kuwalinda wao, wewe ndo unailipia, usipolipa wao wanafidiwa. Kwa hiyo anayewarudishia nyumba hajavunja mkataba akakimbilia porini, amepita mlango wa pili wa mkataba uleule. Ni mlango mbaya, lakini umo kwenye ramani.

Na sheria ya Arizona kwa mkopo wa kununulia inakulinda kweli, jamaa yako hapo hakudanganya. Nyumba ya familia moja au mbili, kiwanja kisichozidi ekari mbili na nusu, ikinadiwa ikapatikana pungufu ya deni, benki haikudai hilo pengo. Walioko Florida wanaosoma hapa wasidandie, kule benki inaweza kwenda mahakamani ikapata hukumu ya kukudai kilichobaki. Kila jimbo na lake. Kwa hiyo benki iliyokukopesha Arizona ilijua inakopesha wapi.

Halafu kuna hawa wanaotuhubiria. Machi 2008 Henry Paulson, waziri wa fedha wa wakati ule, alisema mtu anayeweza kulipa halafu akaiacha nyumba kwa sababu deni limeipita ni mlanguzi tu. Mlanguzi! Mwaka uleule mwezi wa kumi bunge likapitisha dola bilioni 700 za kuokoa mabenki. Desemba 2009 benki ya Morgan Stanley wakawaachia wakopeshaji majengo matano ya ofisi San Francisco waliyoyanunua 2007, hawakufilisika, waliona tu hayalipi. Januari 2010 makampuni ya Tishman Speyer na BlackRock wakaachia mitaa miwili mizima ya Manhattan, Stuyvesant Town na Peter Cooper Village, nyumba zaidi ya 11,000, walinunua 2006 kwa bilioni 5.4. Hakuna aliyewaambia wana dhambi, waliambiwa wamefanya uamuzi wa kibiashara. Na chama chenyewe cha wakopeshaji wa nyumba, Mortgage Bankers Association, ambacho bosi wake alikuwa anauliza hadharani hawa wanaoacha nyumba wanawafundisha nini watoto wao, kilinunua makao yake makuu Washington 2007 kwa milioni 79, Februari mwaka jana kikaliuza jengo kwa milioni 41.3, chini ya deni lenyewe. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Kuna profesa wa sheria wa hapohapo kwenu, Chuo Kikuu cha Arizona, Brent White, 2009 aliandika kwamba kinachowashikilia watu kwenye nyumba za namna hii ni aibu na hofu, wakati benki yenyewe haina aibu, inapiga hesabu. Na utafiti mwingine wa mwaka huohuo, wa wachumi Guiso, Sapienza na Zingales, uliwauliza Wamarekani, karibu wanne kati ya watano wakasema kuacha kulipa wakati unaweza ni kosa kimaadili. Kwa hiyo mkeo hayuko peke yake na si ushamba wa Tanga. Ila humo humo walikuta kwamba anayemjua mtu aliyeacha nyumba ni mwepesi zaidi kusema na yeye angeacha. Ndo wewe na huyo jamaa yako wa kazini, mwanangu. Ungekuwa hujakaa naye meza moja ungekuwa bado unalipa bila kupiga hesabu usiku.

Mie lakini sitaki uchukue mabaya ya wakubwa uyafanye leseni. Kwamba Morgan Stanley wameacha majengo haikufanyi wewe kuwa msafi wala mchafu. Wao wakiacha jengo hawana jirani. Wewe unaye. Nyumba yako ikinadiwa 100,000 inakuwa ndo kipimo cha bei ya nyumba ya yule mama wa pembeni ambaye naye anajikongoja kulipa. Hilo ni dhara la kweli, silifichi. Ila pia tuwe wakweli, bei mtaani kwenu ilishaanguka bila wewe, na sikubaliani na watu wanaosema mtu mmoja abebe mtaa mzima mgongoni kwa miaka 25 iliyobaki.

Hilo la riba sasa. Mwanangu, riba uliijua 2005 ukasaini ukitabasamu, bei zikiwa zinapanda haikukusumbua. Huwezi kuikumbuka leo kwa sababu inakusaidia kutoroka. Mwombe mkeo msamaha kwa hilo neno, leo, kabla ya mengine yote.

Tuje kwenye ule mkopo wa pili, wa 26,000, manake naona umeupitia juujuu kama vile utaondoka pamoja na nyumba. Hauondoki. Ile kinga ya sheria ni ya pesa iliyonunulia nyumba. Pesa uliyochukua baadaye ukaipeleka kwingine haimo, na benki ya pili, nyumba ikishanadiwa na wao wasipate kitu, wanaweza kukushtaki kwa karatasi uliyosaini. Hata wakiamua kukusamehe, kuna kodi: deni lililosamehewa huku linahesabiwa kama kipato, na ile nafuu iliyopitishwa 2007, inayoishia mwisho wa 2012, ni ya deni la kununua, kujenga au kukarabati nyumba hiyohiyo unayoishi. Kisima cha Tanga hakimo. Muone mhasibu.

Lakini hata sheria ingekuacha, mie nisingekuacha. Ule mkopo wa kwanza ulinunua kitu ambacho kimepoteza zaidi ya nusu ya thamani mikononi mwako, mmeumia wote, wewe na benki. Wa pili ulinunua nyumba ambayo mama yako analala humo usiku wa leo. Haijapungua hata tofali. Kila dola uliyokopa pale ilifika ilipotakiwa kufika. Hilo deni lilipe, hata kama nyumba ya Arizona imekwenda, ulilipe kidogokidogo mpaka liishe, manake hizo dua za mama usizikalie juu ya pesa ya mtu. Hapo mie na mkeo tuko upande mmoja.

Sasa shemeji.

"Ni jina tu." Mwanangu, huku Marekani jina ndo kila kitu! Alipochukua kalamu 2005 hakuahidiwa riba, hakupewa bima, hakupata chumba kwenye nyumba, hakuna mtaalamu aliyemkadiria hatari. Alipewa neno lako tu. Wewe ukiacha kulipa Julai, kwenye ripoti yake ya krediti kule Ohio inaandikwa na yeye hajalipa Julai, na Agosti, na Septemba, halafu inaandikwa nyumba imenadiwa, na hiyo inakaa miaka saba. Labda na yeye ana mpango wa kununua. Labda anataka kumsainia mwanawe mkopo wa chuo. Labda anaomba kazi sehemu wanayokagua krediti, zipo. Na je, wanaweza kumdai yeye chochote? Hilo ni la wakili wa Arizona aliyeyaona makaratasi yenu, si la shangazi wala la jamaa wa lori.

Unaona tofauti? Benki imejipanga kwa siku utakayoondoka, tangu siku ya kwanza. Shemeji hajajipanga. Huyu ndo kakukopesha uso. Lile deni la makaburini analolisema mkeo lipo kweli, ila kakosea mdai tu, atakayesimama pale si benki, ni kaka yake. Na nadhani yeye mwenyewe moyoni analijua hilo, ndo maana hasemi na wewe. Unadhani anaililia benki?

Kwa hiyo jibu langu ndo hili. Bila ruhusa ya shemeji, huachi kulipa hata mwezi mmoja. Si kumtaarifu, namaanisha ruhusa, umwambie hesabu yote kama ulivyoniambia mie, umwambie na itakavyomuumiza yeye, halafu unyamaze umsikilize. Akisema hapana, basi ni hapana, unalipa mpaka mtafute namna ya kulitoa jina lake, na najua si rahisi manake kubadilisha mkopo ukiwa na deni mara mbili ya nyumba hakuna anayekubali, hata ule mpango wa serikali wa kubadilisha mikopo unaishia pale deni likiwa asilimia 125 ya thamani, nyie mko zaidi ya 200. Itabidi ule uchungu uumeze. Ndo gharama ya jina la mtu.

Akisema sawa, fanyeni, hapo tena mie siwezi kukuita mwizi. Piga hesabu yako vizuri tu: ukipanga kwa 950 unaokoa 800 kwa mwezi, ndo 9,600 kwa mwaka, kwa miaka saba 67,200. Kwa upande wa pili weka krediti iliyoharibika miaka hiyohiyo saba, wenye nyumba za kupangisha watakaokuangalia mara mbili, amana kubwa zaidi, na tangu Juni mwaka jana Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, wamesema anayeacha nyumba huku ana uwezo hapati mkopo unaopitia kwao kwa miaka saba. Na weka kwamba bei zinaweza kuja kupanda na ukajiuma vidole. Bado hesabu inaweza kuelemea kuondoka, sikatai. 105 haiwi 217 kesho wala keshokutwa.

Lakini usianze kwa kuacha kulipa. Anza kwa kuwaandikia benki, uwaombe wapunguze deni, watakataa kwa sababu unalipa vizuri (ndo ujinga wa mambo haya, ukiwa mwaminifu hawakusikii), basi uombe kuiuza kwa bei ya sasa kwa ridhaa yao, yaani wapokee kinachopatikana. Kwa krediti, na kwa muda wa kusubiri kukopa tena, mara nyingi ni nafuu kuliko kunadiwa. Ila wakikubali hakikisha kuna maandishi kwamba kilichobaki hawatakudai, wewe wala shemeji, manake neno la simu si neno. Na benki ya pili nayo lazima ikubali, hapo ndo wengi wanakwama. Kuna washauri wa nyumba waliothibitishwa na wizara ya nyumba, HUD, hao hawakutozi kitu. Anayekupigia simu anataka dola elfu tatu akurekebishie mkopo, kata simu.

Ikifika mahali unaondoka, ondoka kama mtu. Hiyo michango ya chama cha wenye nyumba mtaani, HOA, lipa mpaka siku nyumba inatoka kwenye jina lako, hiyo si pesa ya benki, ni pesa ya majirani, usipolipa wewe wanagawana wao. Kama kuna bwawa la kuogelea usiliache ligeuke kijani, Phoenix yenu hiyo imejaa mabwawa yaliyotelekezwa yanazalisha mbu. Usije ukampangisha mtu huku hulipi, ukala kodi yake na amana, halafu siku moja anakuta karatasi ya mnada mlangoni. Sheria ya 2009 inampa mpangaji angalau siku 90, lakini siku 90 na watoto shuleni ni nini. Na jiko liache. Mashine ya kupoza hewa iache. Mlango wa pili wa mkataba unasema unaacha nyumba, hausemi unaacha gofu. Huyo jamaa yako aliyeuza jiko kaiba, hata kama benki ni tajiri.

Kuhusu kukaa miezi bila kulipa mpaka watutoe, nimeulizwa na wengi. Mie hapo siumii sana. Arizona benki ikishatoa ilani ya mnada inasubiri siku 90 tu, ikichelewa zaidi ni wao wenyewe wamechelewa. Lakini hizo dola 1,750 za kila mwezi usizile raha. Zipeleke kwenye ule mkopo wa mama. Ukikaa miezi kumi kama jamaa yako, ni 17,500 kati ya 26,000. Ungenifurahisha.

Na uraia, kudaiwa hakukunyimi, ila ukijaza fomu jaza ukweli, na ukipata barua yoyote ya mahakama usiitie kabatini.

Najua shemeji anatisha. Kaka mkubwa wa mke, umemuoa dada yake, umekula ugali wake siku za mwanzo labda, leo umpigie useme hivi. Mkeo akae pembeni yako, simu iwe kwenye spika, asikie kila neno. Arizona hamsogezi saa, kwa hiyo miezi hii Ohio wamewatangulia masaa matatu. Mpigie mapema, asije akawa ameshalala.